Kuyapima Mawingu au Kuyaiga kwa Kompyuta: Njia Ipi Imfae Mtafiti Mwanafunzi?
Mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kuyatafiti mawingu hukabiliwa mapema na swali la kama atayapima angani au atayaiga kwa modeli za kompyuta. Kwa upande wa gharama, modeli hushinda, kwa kuwa ndege ya utafiti na rada hudai fedha nyingi, ingawa data za setilaiti kama CloudSat, iliyorushwa mwaka 2006, hupatikana bure na kulipunguza pengo hilo. Katika uhakika mambo hugeuka: tone la wingu huwa na kipenyo cha takriban milimita 0.02, ilhali modeli ya dunia nzima huigawa dunia katika miraba, na mraba mmoja huweza kuwa na upande wa kilomita 100, hivyo wingu zima humezwa humo na kubaki kukadiriwa kwa fomula. Kipimo nacho si msahafu. Kioo cha kifaa kilichobebwa na ndege kikishika barafu, huenda data ya safari nzima ikaharibika. Matunzo hayana mjadala mrefu: vifaa husawazishwa, programu hurekebishwa. Mwenye miaka mitatu tu na msimamizi asiye na vifaa aanzie kwenye modeli. Anayeweza kujiunga na kampeni ya vipimo, yaani mradi wa pamoja wa kuyapima mawingu kwa muda maalumu, iliyokwisha kufadhiliwa asiiache impite.