Kadi ya mtandao kwa kompyuta kongwe: anza na ipi?

Kampala ni mji wa radi. Ikipiga karibu, msukumo wa umeme hupita kwenye waya mrefu wa mtandao na kuishia kwenye kadi ya mtandao, ile inayochomekwa waya huo ndani ya kompyuta. Ndivyo nilivyopoteza kadi ya kompyuta yangu ya Pentium III inayoendesha mashine yangu ya kukata stika. Programu ya mashine ile haifanyi kazi kwenye Windows mpya, kwa hiyo kutupa kompyuta haikuwa chaguo. Nikaenda kutafuta kadi.

Kabla hujatoa hela, hakikisha kadi yako imekufa kweli. Badilisha waya, kisha hamia tundu lingine la ruta. Taa ya kadi isipowaka popote, zima kompyuta, chomoa kadi, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, uirudishe hadi ikae imara. Nimeokoa kadi kadhaa kwa kifutio tu. Taa ikiwaka na mtandao usipatikane, chunguza draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) na anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) kwanza.

Kama kompyuta ina nafasi za PCI (aina ya matundu ya kuchomekea kadi ndani), chaguo langu la kwanza ni kadi yenye chipu ya Realtek RTL8139. Inafika Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde), hupatikana kwenye mabaki ya kompyuta za ofisi, na Windows XP huitambua yenyewe. Kwa Windows 98, andaa draiva kwenye CD au flopi mapema, maana bila kadi huna njia ya kuipakua. Soma namba iliyoandikwa kwenye chipu yenyewe, usiamini boksi. Ukikuta Intel PRO/100 kwa bei ileile, chukua hiyo. Haimchoshi prosesa kama Realtek. Na muuzaji aichomeke mbele yako, taa iwake, ndipo ulipe.

Mashine yenye ISA pekee (matundu ya kadi ya zamani kuliko PCI), nunua 3Com 3C509B. Ni ya Mbps 10 tu, lakini Windows 95 na 98 zinaijua, na swichi nyingi za leo bado huielewa. Hapa ndipo watu wengi hutupa kadi isiyo na hitilafu. Zile zenye matundu zaidi ya moja huenda ziliachwa zikitumia tundu la waya wa koaksia (ule wa mviringo wa mitandao ya zamani), hivyo lile la RJ45, la waya wa mtandao wa kawaida, linaonekana limekufa. Washa DOS (mfumo wa zamani wa kuandika amri), endesha programu ya 3Com iitwayo 3C5X9CFG, chagua tundu la RJ45 na uhifadhi. Kadi ikigombania IRQ (namba ambayo kadi huitumia kumwita prosesa) na kadi ya sauti, zima Plug and Play (mpango wa kujipangia namba yenyewe) humohumo, kisha uipe namba iliyo huru. Nakala za NE2000, kadi nyingine ya zamani ya ISA, ni za tatu kwangu: zinafanya kazi, ila nyingine utazipangia IRQ kwa vijampa (vifuniko vidogo vya kuhamisha kwenye kadi), na bila karatasi ya maelezo utakesha.

Laptopu zina mtego wake. Kadi ya CardBus, aina mpya zaidi ya kadi za laptopu, ina ukanda wa dhahabu wenye vinundu juu ya meno, na haiingii kwenye tundu la PCMCIA la biti 16, lile la kadi za laptopu za zamani. Nenda dukani na laptopu yako mkononi.

Adapta ya USB naiweka chini. USB 1.1 inaishia Mbps 12, na draiva za Windows 98 ni adimu. Kwa XP inaweza kukusaidia.

WiFi ya ndani ni ya mwisho kabisa. Mitandao mingi inadai WPA2 (ulinzi wa nywila ya WiFi), na XP isiyo na SP3 (sasisho kubwa la tatu la XP) huhitaji kiraka cha ziada. Nunua badala yake ruta ndogo inayoweza kupokea WiFi ya modemu yako ya MTN au Airtel na kuitoa kwa waya. Kompyuta itaona waya tu, haitajua kama kuna WiFi.

Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, kwa hiyo yangu naitumia kuhamisha mafaili ndani ya duka tu, sifungui intaneti. Na wingu likianza kutanda juu ya ziwa, nachomoa waya kabla ya tone la kwanza.