Frimasoni Marekani na Katipunan Ufilipino: udugu upi uliligusa taifa zaidi?

Nchini Marekani, Frimasoni, udugu wa siri wenye viapo na ngazi za uanachama, haikuanzisha mapinduzi ya kudai uhuru. George Washington na Benjamin Franklin walikuwa wanachama, lakini Thomas Jefferson, aliyeandika rasimu ya Azimio la Uhuru la 1776, hajulikani kuwa mwanachama. Kwa hiyo mchango wa chama hicho ulikuwa zaidi wa mazoea: kuwakutanisha watu wa madhehebu mbalimbali, kuchagua viongozi kwa kura na kufuata katiba iliyoandikwa. Usawa huo nao ulikuwa na mipaka, kwani Prince Hall, mtu mweusi wa Boston, alilazimika kuomba hati ya tawi lake kutoka London, nayo ikatolewa mwaka 1784.

Ufilipino ni tofauti. Katipunan, chama cha siri cha kupigania uhuru kilichoasisiwa Manila mwaka 1892 na Andrés Bonifacio, ambaye mwenyewe alikuwa Mfrimasoni, iliazima kutoka Frimasoni taratibu za viapo na ngazi za uanachama, kisha ikaanzisha vita dhidi ya Hispania mwaka 1896. Mwongozo wake, ulioandikwa na Emilio Jacinto, ulitamka kwamba watu wote ni sawa, wawe weusi au weupe. Kwa maoni yangu, athari iko wazi zaidi hapa: Azimio la Uhuru wa Ufilipino la 1898 linaitaja pembetatu nyeupe ya bendera kuwa nembo ya Katipunan, ilhali Marekani wapo wanaoendelea kusaka alama za Frimasoni kwenye noti ya dola moja.