Spika za Darini kwa Ajili ya Jikoni: Uzoefu Wangu wa Kununua kwa Bajeti Ndogo

Nilianza kutafuta spika za kuzamisha ukutani kwa ajili ya jiko letu la Tabata, na nikaishia kununua za darini. Sababu ya kubadilika inafaa kuelezwa kwanza, kwa kuwa maelezo mengi ya bidhaa hizi huandikwa kwa kufikiria nyumba zisizofanana na zetu. Spika ya ukutani yenye umbo la mstatili imebuniwa kwa ukuta wa Marekani, ambao ni nguzo za mbao zilizosimamishwa kila baada ya inchi 16 na kufunikwa kwa jipsamu pande zote mbili, hivyo katikati hubaki uwazi wa inchi tatu na nusu hivi. Spika huingia katika uwazi huo, vishikizo vyake hubana jipsamu kwa nyuma, na hewa iliyomo ukutani hufanya kazi ya boksi. Ukuta wa jiko langu ni tofali la saruji la inchi sita lililopigwa lipu. Hauna uwazi wowote. Ili kuzamisha spika humo ingebidi tofali lichimbwe, paipu ya waya ipitishwe, lipu ipigwe upya na ukuta wote upakwe rangi, na gharama ya fundi peke yake ingezidi bei ya spika zenyewe.

Dari ni jambo jingine. Letu ni la jipsamu juu ya fremu ya mbao, na juu yake kuna nafasi tupu hadi kwenye bati. Spika ya darini hukatiwa tundu la duara kwa msumeno mdogo, kisha vishikizo vyake vya plastiki hugeuzwa kwa bisibisi hadi vibane ubao. Fundi dari anayeweka taa za kuzama anaifahamu kazi hiyo tayari, isipokuwa tundu hili ni kubwa zaidi.

Matumizi yangu ni ya kawaida sana: taarifa ya habari ya asubuhi ya TBC Taifa, taarab wakati wa kupika, na kaswida siku ya Ijumaa. Sihitaji mtikisiko wa sabufa. Nilichohitaji ni sauti ya mtangazaji isikike wazi wakati mafuta yanachemka na feni ya moshi inazunguka, bila kulazimika kupandisha sauti mpaka nyumba nzima ijue ninachosikiliza. Kiasi nilichotenga kilikuwa shilingi laki tatu kwa kila kitu, pamoja na ufundi.

Kariakoo spika hizi zipo kwa wingi, na muuzaji wa kwanza alinikaribisha kwa maneno ambayo wengi wenu mtayatambua: "Dada yangu, chukua hii, ni wati mia tatu, utanikumbuka." Namba hiyo haikunisaidia chochote. Wati zinazoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa hueleza, tena kwa ukarimu mwingi, nguvu ambayo spika inaweza kuihimili kwa kitambo kifupi. Hazisemi itatoa sauti kubwa kiasi gani. Kipimo cha kutafuta ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo spika hutoa ikipewa wati moja na kusikilizwa kwa umbali wa mita moja, na kwa kawaida huandikwa kwa maandishi madogo pembeni. Spika ya desibeli 87 ikipewa wati moja tu, mtu aliye umbali wa mita mbili atapata takriban desibeli 81, kwa kuwa kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi sauti hupungua kwa desibeli sita. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo jikoni wati moja inatosha na kubaki, na spika ya desibeli 90 itatoa sauti ileile kwa nusu ya nguvu. Nikamwomba muuzaji anitafutie karatasi ya maelezo ya kila jozi, na jozi zisizokuwa na karatasi nikaziacha.

Kuna mtego mwingine ambao ni hatari zaidi kwa mfuko. Spika nyingi za darini zinazouzwa mjini ni za mfumo wa volti 100, zile zinazofungwa katika misikiti, makanisa, hoteli na maduka makubwa ambako waya hupita umbali mrefu na spika nyingi huunganishwa katika mstari mmoja. Kila moja ina transfoma ndogo mgongoni, na waya zake huwa na alama za wati 3, wati 6 au wati 10. Ukiiunganisha na amplifaya ya kawaida ya nyumbani itatoa sauti hafifu, nawe utadhani ni mbovu. Kwa nyumbani tafuta spika iliyoandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wake wa umeme) na isiyo na transfoma, au ile yenye swichi ya kuchagua kati ya mifumo hiyo miwili. Muuzaji atakwambia spika ni spika tu. Igeuze uangalie mgongo wake.

Nilichonunua ni jozi ya spika za inchi 6.5, omu 8, desibeli 88, kila moja ikiwa na twita ndogo, yaani kispika cha sauti nyembamba, inayoweza kuelekezwa. Jina la chapa silitaji kwa sababu halina maana kubwa: nimeiona spika hiyohiyo, kwa umbo na kwa karatasi ya maelezo, katika maduka jirani ikiwa na majina tofauti. Bei yake ilikuwa kidogo juu ya laki moja kwa jozi baada ya mapatano.

Nilichokiangalia kwa makini kuliko yote ni malighafi iliyotumika kuitengeneza, kwa kuwa hewa ya Dar es Salaam haina huruma. Unyevu wa masika, chumvi ya bahari, mvuke wa sufuria na mafuta yanayoruka vyote hupanda juu, na huko juu ndiko spika iliko. Koni, yaani sehemu inayotetema na kutoa sauti, ikiwa ya karatasi hunywa unyevu, kwa hiyo nilichukua ya plastiki. Ukingo unaoizunguka koni ni wa mpira. Ule wa sponji katika hali hii ya hewa huanza kumeguka kabla ya mengine yote kuharibika. Kuhusu wavu wa mbele nilikwenda na sumaku ndogo ya friji: ukinasa ni chuma, na chuma jikoni kitapata kutu pale rangi itakapochubuka. Wangu ni wa alumini na hubanwa kwa kusukumwa tu. Nyavu zinazoshikwa na sumaku zinapendeza na hutoka kwa urahisi, lakini ili zinase ni lazima ziwe za chuma, hivyo nilizipita. Wavu ninaushusha na kuuosha kwa sabuni ya vyombo pamoja na sahani, na mafuta ninayoyakuta humo yanathibitisha kwamba nilifanya vyema kumwambia fundi spika zikae upande wa sinki na meza ya kukatia, mbali na jiko la gesi.

Jambo ambalo karatasi za maelezo hazilisemi kabisa ni kwamba katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia usawa wa dari, na nafasi iliyo chini ya bati ni moja kwa vyumba vyote. Spika ya darini iliyo wazi mgongoni hutoa sauti chini na juu. Ile ya chini inaisikia mpishi; ile ya juu hutembea ndani ya dari na kushuka chumbani kwa wengine. Chumba kinachopakana na jiko letu ni cha mama mkwe, naye ni mstaarabu mno kulalamika, lakini taarifa ya habari ya saa kumi na mbili asubuhi haipaswi kuwa kengele ya mtu mwingine. Fundi alitengeneza maboksi mawili ya plaiwudi yenye ujazo wa lita 20 hivi, akayapandisha kupitia mlango wa dari, akayakalisha juu ya mbao za fremu ili uzito usiulemee ubao wa jipsamu, na ndani tukajaza pamba ya mto. Sauti iliyokuwa ikivuka ikapungua sana. Besi pia ilipungua kidogo, kwa sababu spika hizi hutegemea hewa nyingi nyuma yake, na kwa matumizi yangu huo ni ubadilishanaji wa haki. Faida ya pili sikuwa nimeipangia bajeti: vumbi la darini, mijusi na panya hawana tena njia ya kufikia koni.

Amplifaya ni ndogo, ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto), yenye Bluetooth na adapta ya volti 24. Iko juu ya kabati, si darini, kwa maana joto la chini ya bati mchana linaweza kuua kifaa chochote cha elektroniki. Waya nilichukua wa milimita moja ya mraba, shaba tupu. Kwa umbali mfupi kama huu unene huo unatosha, na waya ghali wenye maelezo ya dhahabu ni mapambo. Cha kuangalia ni kama kweli ni shaba: kata ncha na uikwaruze kwa kisu, ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na bei yake inapaswa kuwa ya alumini.

Mpishi hakai mahali pamoja. Ukiwa sinki uko chini ya spika ya kulia, ukiwa mezani uko chini ya ya kushoto, na wimbo uliorekodiwa gitaa upande mmoja na mwimbaji upande mwingine utakunyima nusu yake. Dawa yake haina gharama: katika simu za Android na za iPhone, kwenye mipangilio ya ufikivu, kuna sehemu ya kuunganisha pande mbili za sauti kuwa moja. Niliiwasha na sijaizima. Kwa jiko dogo kuliko langu ningeshauri spika moja tu ya aina inayopokea pande zote mbili kwa pamoja, yenye twita mbili, ambayo hupunguza tundu moja na waya mmoja.

Matokeo yakoje? Sauti ya binadamu ni safi, herufi "s" haichomi masikio, na ninafuatilia taarifa ya habari yote hata feni ikiwa inazunguka. Udi na violini vya taarab vinasikika vizuri kuliko nilivyotarajia kwa bei hii. Ngoma na besi ya Bongo Fleva ni nyembamba. Kijana wa nyumbani alizisikiliza kwa heshima kisha akarudi kwenye sabufa yake ya sebuleni. Spika ndogo ya Bluetooth iliyokuwa juu ya meza ya kukatia, iliyokuwa ikijaa unga na kuishiwa chaji katikati ya maandazi, sasa ni mali ya watoto.

Fedha ilitosha: spika zilichukua zaidi kidogo ya theluthi moja, na sehemu kubwa ya kiasi kilichobaki ilikwenda kwa fundi, maboksi na waya. Kama ningeongezewa elfu hamsini nisingeitia kwenye spika za bei zaidi. Ningeitia kwenye plaiwudi nzito.

Kwa aliyepanga nyumba sipendekezi kabisa kutoboa dari la mwenye nyumba. Achukue jozi ya spika ndogo za rafu, aziweke juu ya makabati zikiwa zimeinamishwa kidogo kuelekea chini, na atumie amplifaya ya aina hiihii. Atapata besi nzuri kuliko yangu, na siku ya kuhama ataondoka na kila kitu.