Papiloma na hepesi: nani huja na mashine yake?

Duka la fotokopi pale River Road lina mashine moja na foleni isiyokwisha. Seli naiona hivyo hivyo. Hunakili DNA yake yote, jozi za besi (herufi za DNA) karibu bilioni 6, mara moja tu kabla ya kugawanyika, na polimerasi yake, yaani kimeng'enya kinachonakili DNA, hurudi nyuma kufuta herufi iliyokosewa.

Kirusi cha papiloma huingia mikono mitupu. Kina jozi kama 8,000 tu na hakina polimerasi. Lazima kiazime ya seli. Lakini seli iliyokomaa imeshazima mashine! Basi protini yake E7 huishika Rb, protini iliyo breki ya ugawanyikaji wa seli, na duka hufunguliwa usiku wa manane. Breki ikikaa imeng'oka miaka mingi, saratani ya mlango wa kizazi hupata njia.

Hepesi simpleksi, kirusi kingine, yenye jozi kama 152,000, ina jeni za polimerasi yake, kwa hiyo haingoji seli igawanyike. Kujitegemea huko ndiko kunakoiponza: dawa ya asaiklovia huwashwa na kimeng'enya kingine cha hepesi yenyewe, kisha huziba mnyororo wa DNA unaojengwa. Papiloma haina kimeng'enya hicho, dawa haiigusi.

Seli iliyovamiwa hutoa intaferoni, protini za onyo, kuwatahadharisha seli jirani. Papiloma, mjanja kweli, huinyamazisha kengele hiyo na haipasui seli. Kwake mimi nategemea chanjo, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019: kingamwili huidaka mlangoni.