Ukuta wa kupandia kinyonga, mjusi na chatu: ununue nini hapa Malindi

Kabla hujatoa pesa ya ukuta wa kupandia ndani ya kizimba, tazama miguu ya mnyama wako. Mjusi kafiri hushika hata kioo, kwa hiyo karibu ukuta wowote mkavu unamfaa. Kinyonga sivyo. Mguu wake ni koleo, vidole viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, na koleo haibani ubao bapa. Chatu asiye na miguu anataka kitu kinene kisichotikisika. Watu wengi huchagua ukuta kwa uzuri wake sebuleni, kisha kinyonga anashinda juu ya wavu wa mlango kwa sababu ndio mahali pekee anapoweza kushika.

Nachukulia kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, unacho. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumwokota kinyonga shambani ukamfanya wako.

Ya kwanza: fito za mvinje. Mivinje inapandwa kwa wingi Kilifi nzima, kwa hiyo yadi za miti hazikosi fito, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na zote nitakazozitaja. Chagua zenye magome bado, maana gome ndilo linalompa mnyama mshiko. Kwa kinyonga chukua za unene wa kidole gumba na nyembamba zaidi. Kwa chatu, unene wa mkono wako. Muulize muuzaji kama zimepakwa dawa ya mchwa, na akisita kujibu, nenda yadi nyingine. Zisugue kwa maji ya moto, zianike juani wiki nzima, kisha mpe seremala azikaze kwa skrubu kutoka nyuma ya ubao, nyingine zikilala, nyingine zikitokeza mbele kama matawi. Ukipata matawi ya mpera, changanya: ni magumu na yana panda nyingi. Fito ikichafuka sana unaitoa hiyo moja tu, ukuta unabaki. Sijaona njia nyingine yenye faida hiyo.

Ya pili: usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Kamba za usumba zikizungushwa kwenye ubao, au usumba wenyewe ukibandikwa kwa silikoni, zinatoa ukuta wa rangi ya mnazi unaoshika unyevu na kuotesha mimea. Mijusi wanaupenda. Lakini kumbuka usumba unavyotengenezwa kwetu: makumbi hufukiwa ufuoni miezi kadhaa yaoze, kwa hiyo chumvi imo ndani. Loweka kwenye maji baridi ya bomba, ubadilishe maji mara kadhaa hadi ukionja usihisi chumvi. Nyuzi zinazoning'inia zikate, kwa kuwa hujifunga kwenye vidole vya mjusi na kuzuia damu. Wakati wa masika ukungu huja haraka, basi uache upenyo wa hewa nyuma ya ubao. Silikoni iwe isiyo na dawa ya kuvu, na mnyama asirudi mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa.

Ya tatu: jiwe la tumbawe. Nanunua la machimbo, lile la kujengea. La baharini usiliguse. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na matumbawe yake si mapambo ya mtu. Jiwe lina matundu mazuri ya kujificha, na umeme ukikatika hubaki na joto kwa muda. Tatizo ni uzito. Liketi kwenye sakafu ya kizimba, kamwe lisikae juu ya mchanga, kwa maana mnyama huchimba chini yake na jiwe likamlalia. Langu la kwanza liliteleza usiku. Bahati mjusi alikuwa upande wa pili.

Ya nne: foamu iliyopakwa saruji. Hii ndiyo unayoiona kwenye picha, miamba ya kuchonga inayovutia kweli. Inataka subira. Saruji mbichi huunguza ngozi, kwa hiyo paka tabaka tatu au nne, iache ikomae kama siku 28, uioshe mara nyingi. Ikibanduka, mnyama hula foamu na utumbo kuziba. Iweke mbali na balbu ya joto.

Gome la koki (lile la vizibo vya chupa) kutoka Ureno ni zuri na jepesi, ila usafiri unalifanya ghali, na mvinje unafanya kazi ileile.

Usinunue kabisa: mbao za jahazi kuukuu. Najua zinavyopendeza, hasa zinazotoka Lamu. Lakini zimenyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka na miaka, chini zimepakwa shahamu au rangi ya kuua viumbe vya bahari, na misumari yenye kutu imo ndani usikoiona. Joto la balbu huyatoa hayo yote hewani, ndani ya sanduku la kioo. Zitengenezee meza.