Mgomo wa Ng'ombe katika Kitabu cha Picha

Vitabu vingi vya picha vinavyokusudia kuwapa watoto maadili ya kisiasa huhubiri mno, na mtoto, ambaye si mjinga, hung'amua mapema kwamba anapewa somo badala ya hadithi. Click, Clack, Moo cha Doreen Cronin, kilichotolewa mwaka 2000 kikiwa na michoro ya Betsy Lewin, kimeepuka kasoro hiyo. Ng'ombe wa Mkulima Brown wanapata taipureta, wanaandika barua ya kudai blanketi za umeme kwa kuwa banda lina baridi usiku, na wanaponyimwa wanagoma kutoa maziwa. Kuku wanawaunga mkono, mayai nayo yanakosekana. Madai, mshikamano na mapatano yote yamo, wala hakuna anayetoa hotuba.

Upande wa mkulima, hata hivyo, umepewa nafasi finyu: hasira zake tunaziona, hasara yake haielezwi, kwa hiyo ni vyema msomaji mzima amuulize mtoto angeamuaje. Ukurasa nilioupenda zaidi ni ule ambapo bata, ambao mmoja wao alikuwa mjumbe asiyeegemea upande wowote, wanaishika taipureta na kudai ubao wa kurukia majini.