Harmony of the Seas kutoka Galveston: Weka Nafasi za Maonyesho Kwanza, Chakula Kitafuata

Familia nyingi zinazonunua safari ya wiki nzima ndani ya Harmony of the Seas hudhani kwamba kazi imekwisha siku nauli inapolipwa yote, kumbe hapo ndipo mipango inapoanza. Meli hii ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyojengwa Saint-Nazaire nchini Ufaransa na kuanza kazi mwaka 2016, hubeba abiria wapatao 5,479 ikiwa kila chumba kina watu wawili tu. Wakati wa likizo za shule, vyumba vinapojaa watoto, idadi hupita 6,000. Sisi tulisafiri nayo kipindi ilipokuwa ikianzia Galveston, Texas, bandari ambayo mkazi wa Houston huifikia kwa gari bila kulala njiani, ikatupeleka Roatán nchini Honduras, kisha Costa Maya na Cozumel nchini Mexico. Tulikuwa mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kututembelea. Bandari hizo na fukwe zake zimeshaandikwa sana, kwa hiyo hapa napima jambo moja tu: namna meli inavyoendesha uwekaji wa nafasi za chakula na maonyesho, na kama familia yenye watoto inaweza kunufaika nao bila kuongeza fedha nyingi juu ya nauli.

Maonyesho ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, na sababu yake ni hesabu ya viti. Ukumbi mkubwa wa michezo ya jukwaani una viti takriban 1,400, lakini ukumbi wa barafu na ule wa majini ulioko nyuma ya meli hazifikii viti 800 kila mmoja. Ukigawa abiria elfu tano na ushee kwa viti hivyo, utaona mara moja kwamba onyesho la kuteleza kwenye barafu lazima lirudiwe mara kadhaa katika wiki, na kwamba saa zinazowafaa watoto ndizo hujaa mapema. Nafasi ni bure, kwani gharama yake imo ndani ya nauli, na huwekwa kupitia ukurasa wa mipango wa kampuni kabla ya safari, au kwa programu ya simu baada ya kupanda melini. Programu hiyo hufanya kazi kwa mtandao wa ndani wa meli hata kwa asiyenunua intaneti, jambo ambalo abiria wengi hawalijui wakaishia kununua kifurushi wasichokihitaji.

Onyesho la majini lastahili kuwekewa nafasi usiku wa mapema kabisa unaopatikana. Ukumbi wake hauna paa, na wasanii huruka kutoka kwenye majukwaa marefu kuingia katika bwawa ambalo meli yenyewe inayumba nalo. Upepo ukizidi, onyesho huahirishwa au kufutwa, na hilo ni jambo la usalama wala si la kulaumiwa. Aliyeweka nafasi usiku wa pili huwa na siku za kufidiwa mbele yake, ilhali aliyengoja usiku wa sita hana. Asiye na nafasi naye asikate tamaa, kwa sababu dakika kama 10 kabla ya kuanza, viti ambavyo wenyewe hawajatokea hutolewa kwa waliopanga foleni ya kusubiri. Foleni hiyo humfaa mtu mzima aliye peke yake. Kwa mama aliyembeba mtoto mwenye usingizi, huku bibi akitafuta pa kukalia, siipendekezi hata kidogo.

Baada ya maonyesho ndipo meza ipangwe. Katika mkahawa mkuu, ambao nao umelipiwa ndani ya nauli, abiria huchagua kati ya utaratibu wa saa maalumu na ule wa saa huria. Saa maalumu ni mbili, ya mapema kama saa 11:30 jioni na ya baadaye kama saa 2 usiku, na faida yake ni kwamba meza na wahudumu ni walewale wiki nzima. Saa huria humruhusu mtu kuchagua wakati wake kila siku. Tulichukua saa huria, tukajiwekea saa 11:30 kwa siku nyingi na kuisogeza mbele siku ambazo onyesho lilikuwa mapema, kisha tukaomba usiku wa kwanza tuketishwe upande wa mhudumu yuleyule kila tukirudi. Ombi hilo lilikubaliwa bila tatizo. Familia iliyogawanyika katika vyumba viwili ihakikishe kwamba tiketi zake zimeunganishwa katika kumbukumbu za kampuni na kwamba wote wamechagua utaratibu mmoja wa chakula, la sivyo bibi anaweza kujikuta na saa tofauti na wajukuu wake.

Kuhusu chakula chenyewe, mkahawa mkuu ulitutosheleza kuliko nilivyotarajia. Menyu hubadilika kila jioni, watoto wana yao, na mtu anaweza kuagiza vianzio viwili badala ya chakula kimoja kikubwa pasipo kuongezwa bei. Mama mkwe, ambaye nyama isiyokolea viungo haimpitii kooni, alipata mkombozi katika chakula cha Kihindi kisicho na nyama kinachopatikana kila usiku, akakila kwa wali kana kwamba amekipika mwenyewe. Pilipili ilibidi tuiombe, ikaletwa. Familia za Kiislamu ziandikie kampuni wiki kadhaa kabla ya safari kuuliza kuhusu nyama ya halali, zipate jibu la maandishi, na zisitegemee maelezo ya mhudumu mezani. Samaki na vyakula visivyo na nyama vipo vya kutosha, lakini uhakika wa jikoni ni suala jingine.

Mikahawa ya kulipia ndiyo inayotangazwa kwa nguvu zaidi, na ndiyo ninayoiona haina ulazima kwa familia yenye watoto wadogo. Kifurushi cha kula katika mikahawa hiyo kila siku huonekana nafuu ukikigawa kwa idadi ya milo, ila hesabu hiyo husahau kwamba mlo wa namna hiyo huchukua saa moja na nusu au zaidi, kwamba asilimia 18 ya huduma huongezwa juu ya bei, na kwamba kila jioni unayokaa huko ni jioni unayoikimbiza saa ya maonyesho. Mtoto wa miaka saba hana haja ya steki ya Chops Grille, mmojawapo wa mikahawa hiyo; ana haja ya tambi, aiskrimu, na ruhusa ya kwenda kucheza. Njia iliyo bora ni kununua mlo mmoja tu, na ukiwa wa mchana katika siku ambayo meli iko baharini, bei yake huwa chini ya ile ya usiku. Sisi tulichagua mkahawa wa Wonderland kwa ajili ya watoto, kwa sababu menyu huletwa kama fremu tupu ambayo maandishi yake hujitokeza unapoipaka kwa brashi yenye maji. Watoto walifurahi mno kwa fremu, chakula kikawagawa: mkubwa alikisifu, mdogo akataka mkate.

Bei za vitu hivi hazitulii. Mlo, kifurushi cha soda au matembezi ya bandarini huweza kupanda wiki hii na kushuka wiki ijayo, hivyo anayenunua mapema hatakiwi kuona amefungwa, maana kabla ya safari anaweza kufuta alichonunua, kurudishiwa fedha na kukinunua upya kwa bei iliyoshuka. Nilijiwekea desturi ya kukagua ukurasa wa mipango kila mwisho wa juma, na bei ya mlo wa Wonderland ilishuka kiasi cha kunifanya nifute na kununua tena. Kinachonikera kidogo katika mtindo huu ni kwamba humzawadia mwenye muda wa kuchungulia skrini, na wazazi wengi hawana muda huo.

Gharama moja hukosa kuonekana katika matangazo ya nauli, nayo ni bakshishi ya kila siku. Kiwango cha vyumba vya kawaida kimewahi kuwa dola 18.50 kwa kila mtu kwa siku, na mtoto hulipiwa sawa na mtu mzima. Kwa watu sita na usiku saba hiyo ni dola 777, fedha ambayo yafaa iwekwe katika bajeti tangu mwanzo. Kifurushi cha pombe hatukukihitaji. Maji, chai, kahawa ya kawaida na maji ya limau hupatikana bure.

Anayechoshwa na mipango yote hii aangalie meli za Disney, ambazo nazo zimewahi kuanzia Galveston. Huko familia hupangiwa mikahawa mitatu kwa zamu, wahudumu wake wakiifuata kutoka mkahawa hadi mkahawa, na onyesho la usiku limepangwa liendane na zamu ya chakula, wanaokula mapema wakitazama baadaye na wengine kinyume chake, pasipo mtu kuweka nafasi. Ni utaratibu wenye utulivu zaidi. Nauli yake, hata hivyo, kwa kawaida huwa juu, na uchaguzi wa maonyesho ni mdogo kuliko wa Harmony, yenye barafu, bwawa na jukwaa kwa pamoja. Kwa watoto walio chini ya miaka sita ningechagua Disney nikiwa na uwezo. Kwa walio juu ya hapo, Harmony.

Jambo la mwisho la kupangwa ni klabu ya watoto, ambayo ni bure kwa watoto kuanzia miaka mitatu waliokwisha kuacha nepi, hadi saa 4 usiku. Baada ya hapo hulipiwa kwa saa. Waandikishwe siku ya kwanza, mchana, meli ikiwa bado imefungwa gatini, kabla foleni ya mlangoni haijawa ndefu. Maonyesho ya wachekeshaji ya usiku ni ya watu wazima pekee na ukumbi wake ni mdogo, kwa hiyo wazazi wanaoyataka wachukue nafasi hizo siku ileile wanayochukua za barafu.